Ugomvi wa mezani: kwa nini mtoto hukataa mchicha na kudai chipsi

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki wanaoishi Uingereza hulalamika kwamba watoto wao wamekipa kisogo chakula cha nyumbani. Utafiti wa miaka mingi unaonyesha kwamba ulimi wa mtoto unafundishika, ila si kwa amri, na wala si kwa hongo ya peremende.

Saa kumi na mbili za jioni, katika nyumba nyingi za Waswahili wa London, Reading au Leicester, hurudiwa mchezo uleule. Mama amerejea kutoka kazi ya zamu, amepika wali, maharage ya nazi na mchicha. Mtoto wa miaka sita anaitazama sahani kana kwamba amewekewa dawa, anaisukuma kando na kusema, kwa Kiingereza cha shuleni, kwamba chakula hicho kinanuka na kwamba yeye anataka kuku na chipsi. Mama, ambaye tangu alfajiri hajakaa kitako, ana njia tatu mbele yake. Anaweza kumlazimisha, anaweza kumhonga, au anaweza kushuka hadi duka la kuku wa kukaanga lililo pembeni mwa barabara, ambako kwa pauni chache ugomvi utakuwa umekwisha. Mara nyingi ile njia ya tatu ndiyo inayoshinda, na si kwa sababu mama huyo hajui maana ya lishe bora.

Makala ya leo yanautazama ugomvi huo: unatokana na nini, utafiti umegundua nini juu yake, na nini kinaweza kufanywa na mzazi asiye na muda wala fedha za kutosha.

Ukubwa wa tatizo hauna shaka. Kwa mujibu wa mpango wa taifa wa kuwapima watoto urefu na uzito, unaoendeshwa kila mwaka katika shule za msingi za England, katika mwaka wa masomo wa 2023/24 asilimia 9.6 ya watoto wanaoanza shule, yaani wenye umri wa miaka 4 na 5, walikuwa na unene wa kupindukia. Miongoni mwa watoto wa darasa la sita, wenye miaka 10 na 11, kiwango hicho kilikuwa asilimia 22.1. Kwa maneno mengine, kati ya kuingia na kutoka shule ya msingi kiwango huongezeka zaidi ya maradufu. Katika mitaa ya watu maskini kabisa hali ni mbaya zaidi ya mara mbili kuliko katika mitaa ya wenye nacho, na watoto weusi ni miongoni mwa makundi yaliyoathirika zaidi. Kung'olewa meno yaliyooza ndiyo sababu inayowapeleka hospitalini watoto wengi zaidi wa umri wa miaka 5 hadi 9. Na kisukari cha aina ya pili, ambacho zamani kilihesabiwa kuwa ugonjwa wa watu wazima, sasa hugunduliwa pia kwa watoto.

Takwimu hizo zinazungumzia zaidi uzito, lakini uzito si habari nzima. Mtoto mwembamba anayeishi kwa biskuti, viazi vya pakiti na soda naye ana njaa, ijapokuwa tumbo lake limejaa: anakosa madini ya chuma, nyuzinyuzi na vitamini.

Ulimi hufundishwa tangu tumboni

Mtoto huzaliwa akipenda utamu na akichukia uchungu. Jambo hilo lina maana yake. Maziwa ya mama ni matamu, na utamu katika maumbile ni dalili ya chakula chenye nguvu, ilhali uchungu mara nyingi ni dalili ya sumu. Kwa hiyo mtoto anayeukunjia uso mchicha hafanyi utundu, bali anafuata tahadhari ya kale aliyozaliwa nayo.

Hata hivyo, juu ya msingi huo mengi hujengwa kwa mazoea, na mazoea hayo huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2001 mtafiti Julie Mennella na wenzake, katika kituo cha Monell cha mjini Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio walilowafanyia kina mama waliokunywa maji ya karoti wakati wa ujauzito au wakati wa kunyonyesha. Watoto wao, walipoanza kulishwa uji, waliupokea uji wenye ladha ya karoti bila kununa kama watoto ambao mama zao walikunywa maji matupu. Ladha ya anachokula mama hupita katika maji ya tumbo la uzazi na katika maziwa yake. Mjamzito anayekula kisamvu, bamia na samaki, kwa hakika, ameshaanza kumtayarisha mwanawe kwa chakula cha kwao.

Kisha hufika umri wa miaka miwili hivi, na mtoto aliyekuwa akila kila kitu hugeuka ghafla na kukataa chochote asichokijua. Wazazi wengi hushtuka na kujilaumu. Wataalamu wanasema kipindi hicho ni cha kawaida, na huweza kuendelea hadi mtoto afikapo umri wa kwenda shule. Hofu hiyo inaeleweka: mtoto aliyeanza kutembea na kuokota vitu mwenyewe, asipokuwa mwangalifu na asivyovijua, angeweza kujidhuru.

Dawa ya hofu hiyo ni mazoea. Mwanasaikolojia wa Marekani Leann Birch, ambaye kwa miongo kadhaa alichunguza namna watoto wanavyojifunza kula, alionyesha mapema miaka ya 1980 kwamba kadiri watoto wa miaka miwili walivyokionja mara nyingi chakula kipya, ndivyo walivyozidi kukipenda. Tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba mtoto huweza kuhitaji kuonja mara nane, kumi, au hata kumi na tano kabla hajakikubali chakula alichokuwa akikikataa. Hapo ndipo lilipo tatizo. Wazazi waliohojiwa katika tafiti za Marekani wengi wao walikata tamaa baada ya mara tatu hadi tano. Walihitimisha kwamba mtoto hakipendi chakula kile, wakaacha kukipika, na kwa kufanya hivyo wakafunga mlango siku chache kabla haujafunguka wenyewe.

Kuonja kunakozungumziwa hapa si kula bakuli zima. Kipande cha ukubwa wa punje ya harage kinatosha, na mtoto ana ruhusa ya kukitema. Linalotakiwa ni ulimi kukutana na ladha ile, leo na kesho na keshokutwa, bila vita.

Hongo inayogeuka sumu

“Maliza mboga upewe peremende.” Ni nadra kupata nyumba ambayo maneno hayo hayajatamkwa, na ni maneno ambayo utafiti unayapinga vikali. Birch na wenzake walichapisha mwaka 1984 jaribio ambalo watoto walizawadiwa ili wanywe kinywaji fulani. Zawadi zilipokwisha, walikipenda kinywaji kile kidogo kuliko walivyokipenda kabla. Hesabu ya mtoto ni nyepesi: kama lazima nilipwe ili nile kitu hiki, basi kitu chenyewe ni kibaya, na kile ninacholipwa ndicho kizuri. Mzazi anayelipia mchicha kwa peremende anamfundisha mwanawe, kila siku na kwa bidii, kwamba peremende ndiyo kilele cha furaha.

Kupiga marufuku nako kuna hatari yake. Mwaka 1999 Birch na mwenzake Jennifer Fisher waliweka biskuti ndani ya chombo kinachoonekana katikati ya meza, wakawazuia watoto kuzila isipokuwa kwa dakika chache. Watoto walizitaja na kuzitamani biskuti zile kuliko chakula kama hicho walichoachiwa wale watakavyo. Funzo linalopatikana hapo si kwamba biskuti zimwagwe mezani. La maana ni kwamba kitu kilichokatazwa hakipaswi kukaa mahali kinapoonekana. Kisichonunuliwa hakiombwi mara ishirini kwa siku.

Ni haki kusema pia kwamba si kila zawadi hudhuru. Watafiti wa Chuo Kikuu cha University College London, wakiwamo Lucy Cooke na marehemu Jane Wardle, walichapisha mwaka 2011 jaribio lililowahusisha watoto wa miaka 4 hadi 6. Kwa siku kumi na mbili watoto walionjeshwa kipande kidogo cha mboga wasiyoipenda, na baadhi yao wakapewa stika ya kubandika kila walipoonja. Hao waliopewa stika waliipenda mboga ile na kuila zaidi, na miezi mitatu baadaye hali ilikuwa bado hivyo. Zawadi ilikuwa ndogo, haikuwa ya kula, na ilitolewa kwa kuonja tu, wala si kwa kumaliza sahani. Karatasi moja ya stika hugharimu chini ya pakiti ya peremende.

Mtaalamu wa lishe wa Marekani Ellyn Satter aliuweka uhusiano wa mzazi na mtoto mezani katika kanuni ambayo sasa hutumiwa na washauri wengi wa lishe. Mzazi huamua chakula gani kitaliwa, saa ngapi na wapi. Mtoto huamua kama atakula, na atakula kiasi gani. Kwa mzazi aliyelelewa kwa fimbo na amri ya “usiinuke mpaka umalize,” sehemu ya pili ya kanuni hiyo ni ngumu kumeza. Lakini mtoto anayelazimishwa kumaliza sahani hali ya kuwa ameshiba hujifunza kutolisikiliza tumbo lake mwenyewe, na hasara ya somo hilo huonekana baadaye.

Sinia moja na vijiko vya sukari

Mila za Waswahili zilikuwa na dawa yake kabla ya watafiti kuzaliwa. Watoto walikula sinia moja na wakubwa, wakaiona mikono ya baba, shangazi na kaka ikichota samaki, mboga na wali, nao wakaiga. Hakuna aliyepikiwa chakula chake maalumu. Mtoto aliyenuna aliona sinia ikipungua, akajongea. Ughaibuni sinia imetoweka katika nyumba nyingi: baba yuko kazini usiku, mama yuko kazini mchana, na mtoto hula peke yake mbele ya televisheni au simu, chakula kilichopikwa kwa ajili yake tu. Hata mlo mmoja wa pamoja kwa wiki, Jumamosi au Jumapili, simu zikiwa zimezimwa, ni bora kuliko kukosa kabisa.

Lakini isidhaniwe kwamba mabaya yote yametoka dukani kwa Mzungu. Ni mila hizohizo zinazomtia mtoto vijiko vitatu vya sukari katika chai ya asubuhi, zinazomkaribisha mgeni kwa soda, na zinazomsifu mtoto mnene kwamba amenawiri huku mwembamba akionewa huruma na bibi. Meza ya futari ina maandazi, vitumbua, kaimati iliyozama katika shira, na juu ya hayo sharubati. Katika nchi za Ghuba Ramadhani haikamiliki bila Vimto, kinywaji kilichobuniwa mjini Manchester mwaka 1908.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu zote anazopata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Idara ya huduma za afya ya Uingereza inaufafanua ushauri huo kwa gramu: mtoto wa miaka 4 hadi 6 asizidishe gramu 19 kwa siku, na wa miaka 7 hadi 10 asizidishe gramu 24. Kopo moja la kola la mililita 330 lina gramu 35. Mzazi hahitaji mzani kuielewa hesabu hiyo. Wala maji ya matunda ya pakiti si salama kama inavyodhaniwa: tunda zima ni bora, na maji ya matunda yasizidi glasi ndogo ya mililita 150 kwa siku.

Nje ya mlango wa nyumba

Kumwachia mzazi peke yake lawama zote si haki. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakiongozwa na Thomas Robinson, waliwapa watoto 63 wa umri wa miaka 3 hadi 5 vyakula vilivyofanana kabisa, nusu vikiwa vimefungwa katika karatasi zenye alama ya McDonald's na nusu katika karatasi zisizo na alama. Wengi walisema vile vyenye alama ndivyo vitamu zaidi. Hata karoti, ambazo hazikuwa zimetoka katika mkahawa huo, zilikuwa tamu kwa sababu ya karatasi. Mama wa mwanzoni mwa makala haya hashindani na ulimi wa mwanawe tu. Anashindana na watu wanaolipwa vizuri ili washinde.

Uingereza imejifunza hayo kwa taabu. Mwezi Februari mwaka 2005 mpishi maarufu Jamie Oliver alionyesha katika televisheni ya Channel 4 namna watoto wa shule za mtaa wa Greenwich, kusini mashariki mwa London, walivyolishwa kwa peni 37 tu za viungo vya chakula kwa mtoto. Umma ulihamaki, serikali ikaahidi pauni milioni 280, na mwaka uliofuata masharti mapya ya chakula cha shule yakaanza kutumika. Lakini mwezi Septemba mwaka huohuo wa 2006, huko Rawmarsh karibu na mji wa Rotherham, baadhi ya kina mama walisimama nje ya uzio wa shule wakiwapitishia watoto baga na chipsi. Walichekwa na magazeti nchi nzima, na haikuwa haki. Walikuwa wakisema jambo ambalo wapangaji walilisahau: mtoto asiyezoeshwa hatakula kwa sababu tu waziri ameagiza. Watoto wengi waliacha kula chakula cha shule, na ilichukua muda kabla hawajarudi.

Kazi ya Greenwich yenyewe haikupotea bure. Wanauchumi Michèle Belot na Jonathan James walichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliolinganisha shule za mtaa huo na za mitaa jirani, wakakuta matokeo ya Kiingereza na sayansi yamepanda katika shule za msingi, na utoro wa ruhusa, ambao aghalabu husababishwa na maradhi, umepungua.

Hatua nyingine zimefuata. Tangu Septemba 2014 watoto wote wa madarasa matatu ya mwanzo katika shule za serikali za England hupewa chakula cha mchana bila malipo, na tangu Septemba 2023 jiji la London limeufikisha mpango huo hadi mwisho wa shule ya msingi. Kodi ya vinywaji vyenye sukari ilianza Aprili 2018, na makampuni mengi yakapunguza sukari ili kuikwepa. Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu zilianza kutoza kodi ya soda mwaka 2017, Oman mwaka 2019. Na tangu Januari 2026 matangazo ya vyakula visivyofaa hayaruhusiwi kwenye televisheni za Uingereza kabla ya saa tatu usiku, wala matangazo ya kulipia ya vyakula hivyo kwenye intaneti wakati wowote. Duka la kuku, hata hivyo, bado liko palepale pembeni mwa barabara.

Kwa mzazi aliyechoka

Washauri wa lishe huwaambia wazazi waanze na kitu kimoja, kwa sababu nyumba inayobadilisha kila kitu siku ya Jumatatu huwa imerudi ilikotoka siku ya Ijumaa. Aghalabu kinachofaa kuanza nacho ni kinywaji. Soda ikiondoka nyumbani na mahali pake pakachukuliwa na maji na maziwa, sehemu kubwa ya sukari imeondoka bila ugomvi wa sahani. Sukari ya chai hupunguzwa nusu kijiko kila wiki, na ulimi hauna habari.

Kisha huja saa ya hatari, ile ya kutoka shuleni. Mtoto hutoka na njaa saa tisa au saa tisa na nusu, na asiyekuwa na kitu mfukoni hulipitia duka la kuku. Ndizi, yai la kuchemsha au kipande cha mkate na siagi ya karanga, akipewa getini, humfikisha salama kwenye chakula cha jioni. Mchicha wa kugandishwa na maharage ya kopo, yakichujwa maji ya chumvi na kuungwa kwa kitunguu, nyanya na tui kidogo, huwa tayari kwa dakika ishirini, na huo ni muda wa kwenda na kurudi dukani.

Mtoto anayekataa apewe sahani yenye angalau kitu kimoja anachokipenda, wali mtupu kwa mfano, pamoja na kile kipande kidogo cha kuonja. Asipikiwe chakula cha pili. Asiambiwe kwamba ni mkaidi. Na ashirikishwe: mtoto aliyechambua mchicha au kukoroga uji ana hamu ya kuona umekuwaje. Kwa mtoto wa shule kuna jambo jingine, nalo ni aibu. Huenda wenzake walikicheka chakula chake wakati wa mchana, naye jioni anayarudia maneno yao nyumbani. Hapo hoja za vitamini hazisaidii. Linalosaidia ni kumwalika rafiki yake mmoja aje ale chapati.

Kuna watoto ambao kukataa kwao si kwa kawaida. Mtoto anayepungua uzito au asiyekua, anayepaliwa au kutapika mara kwa mara wakati wa kula, au aliyebaki na vyakula vichache mno na kuingiwa na hofu kubwa akiona kingine, anapaswa kupelekwa kwa daktari wa familia au kwa muuguzi wa watoto wa mtaa, bila kungoja akue.

Kwa familia zenye kipato kidogo England, Wales na Ireland ya Kaskazini ipo kadi ya Healthy Start, inayotolewa kwa wajawazito na kwa watoto walio chini ya miaka minne katika familia zinazopokea baadhi ya misaada ya serikali. Scotland ina mpango wake uitwao Best Start Foods. Baadhi ya wazazi ambao viza zao haziwaruhusu kupokea misaada ya umma nao huweza kuomba Healthy Start, ikiwa mtoto ni raia wa Uingereza na kipato ni kidogo sana. Fedha za kadi hiyo hutumika kununua maziwa, matunda na mboga, na pia nafaka za jamii ya kunde, ziwe za kopo au kavu: maharage, choroko, dengu, mbaazi na kunde zenyewe.